Migongo ya Airisi

Airisi zote arobaini na moja za bustanini zilioza, na aliyeziozesha ni Sifuna mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akidhani anaziokoa.

Hazikuibwa. Hazikuliwa na fuko, wala mtoto wa fleti ya jirani hakuzikanyaga akifuata mpira. Zilioza kwa sababu mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, aliyeshika jembe tangu alipoacha shule darasa la tano, aliona haya kuchekwa.

Bustani yenyewe ilikuwa Kileleshwa, kwenye mojawapo ya zile nyumba chache za zamani zilizobaki na nyasi na paa la vigae, zikiwa zimebanwa na fleti kushoto, kulia na nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Mama Wahome, mjane wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu. Huyo Wahome, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ng'ambo na alipiga simu kila Krismasi. Binti yake, Jackie, alikuwa na fleti karibu na Adams Arcade na kazi iliyomtoa nyumbani alfajiri. Kwa hiyo katika kiwanja kile kizima walikuwa watu wawili tu: Mama Wahome nyumba kubwa, Sifuna chumba cha nyuma. Walikaa hivyo miaka kumi na tisa.

Hawakuwa marafiki, maana mwajiri na mtu wake wa bustani hawaitwi marafiki. Lakini kila asubuhi Mama alitoka na kiti chake cha plastiki, akakiweka penye jua, akaanza kulalamika kuhusu waridi, na Sifuna akaanza kuzitetea. Mama alimwita Baba Nasimiyu, kwa jina la binti yake Sifuna aliyeko Kimilili. Nairobi nzima hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Kwa askari wa mtaa alikuwa "mzee", na kwa watu wa fleti hakuwa na jina.

Kimilili nako kulikuwa na mke, Namalwa, aliyelima na kusomesha bila kungoja kushikwa mkono. Walizungumza Jumapili, habari za mbolea na karo, dakika nne. Mara ya mwisho Sifuna alipokwenda kwao alipewa kiti cha wageni na kikombe cha wageni, na siku ya tatu Namalwa akamuuliza, bila ubaya wowote, "Sasa unarudi kazi lini?"

Airisi zilikuwa kando ya ukuta wa mashariki, zambarau, kila ua na ulimi wa manjano katikati. Mama Wahome alipewa kipande kimoja cha mzizi na mwalimu mwenzake alipokuwa bado kijana kwenye kazi yake ya kwanza, na kipande hicho kikazaa kichaka. Miaka miwili iliyopita kichaka kilikoma kutoa maua. Kilikuwa kimesongamana, katikati kimekufa, pembeni mizizi imepandana kama watu kwenye foleni ya benki.

Januari, jua likiwa kali, Mama alisema, "Baba Nasimiyu, leo tunazitenganisha."

Sifuna aliing'oa mizizi kwa jembe uma, akaitandaza juu ya gunia. Mzizi wa airisi ni mnene, una vifundo kama tangawizi. Mama alimwelekeza kwa ncha ya mkongojo wake. Hiki kina shimo, tupa. Hiki kimelainika, tupa. Hiki kizuri, kata hapa, acha kila kipande na majani yake. Majani wakayapunguza yabaki urefu wa kiganja. Vidonda vya kisu wakavipaka majivu. Walipomaliza walikuwa na vipande arobaini na moja vya kupanda.

Sifuna alichimba shimo la kwanza, akaweka mzizi, akaufukia vizuri, akashindilia kwa kisigino.

"Hapana," Mama akasema. "Toa udongo."

"Huu si udongo mwingi, Mama."

"Toa. Umewahi kumwona kiboko kwenye maji?"

"Kwa televisheni."

"Basi ndivyo. Tumbo ndani, mgongo nje. Ukimzamisha huyu, anaoza. Anataka jua limpige mgongoni."

"Mzizi kupigwa jua?"

"Mzizi kupigwa jua. Na usimpe samadi. Najua unavyopenda samadi."

Sifuna alicheka, akapanda zote arobaini na moja na migongo nje, safu tatu. Moyoni hakupenda. Kwao, mzizi ulioonekana juu ya udongo ni mzizi uliosahauliwa. Mama yake mzazi alipita kwenye migomba baada ya kila mvua, akirudishia udongo mizizi iliyofunuliwa, kama mtu anayemvutia mtoto blanketi.

Mwezi wa pili, tarehe mosi, Mama Wahome aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Sifuna ndiye aliyemsikia, na ndiye aliyevunja kitasa. Alipasuliwa, akawekwa chuma, kisha tarehe kumi Jackie akampeleka kwake, ghorofa ya tatu, mpaka atakapoweza kutembea. Jioni ile ile ya kwanza, saa kumi na moja kamili, simu ya Sifuna ililia.

"Baba Nasimiyu. Zinaendeleaje?"

Hakuuliza nyumba wala mbwa wa jirani. Aliulizia airisi tu. Sifuna akatembea hadi ukutani, akainama, akamwambia alichokiona. Tatu zimeanza jani jipya. Moja imelegea, ameikaza. Wakaongea robo saa. Kesho yake saa kumi na moja simu ikalia tena, na kesho kutwa, na kila siku. Baada ya wiki mbili Sifuna alikuwa akinawa uso saa kumi na nusu na kukaa kwenye kiti cha plastiki, simu juu ya goti.

"Nikiona zinashika, narudi," Mama alimwambia. "Jackie anasema niuze, nikae hapa. Hapa dirisha langu linatazama ukuta, Baba Nasimiyu. Ukuta na bomba la maji machafu. Zikishika, nitakuwa na la kumwambia."

Basi Sifuna akajua kazi yake ni nini. Airisi zikishika, Mama anarudi.

Mvua ndefu ilianza mwishoni mwa Machi na haikuwa na adabu. Ilichapa wiki mbili. Ikachukua udongo kidogo uliokuwa kando ya mizizi, mpaka vipande vingine vikabaki vimeshikilia ardhi kwa nyuzi. Ndipo Okinyi, mtunza bustani wa fleti za upande wa kulia, alipochungulia juu ya ukuta.

"Omera, ndugu yangu Sifuna! Hii umepanda ama umeanika?"

"Nimepanda."

"Umepanda wapi? Mimi naona vitu vimelala hapo juu kama dagaa wa omena kwa gunia." Akageuka akamwita askari wa geti lake. "Ndambuki, kuja uone! Mzee wa Kileleshwa, miaka kumi na tisa kwa shamba moja, na hajui kufukia mzizi!"

Ndambuki akaja, akaweka kidevu juu ya ukuta. Wasichana wawili waliokuwa wakianika nguo kwenye roshani ya juu wakainama kutazama.

"Labda anangoja zitembee zijifukie," Ndambuki akasema, na wote wakaangua kicheko.

"Ndivyo Mama anataka," Sifuna akasema.

"Ati Mama anataka!" Okinyi akafuta machozi. "Mama yuko kwa kitanda. Jembe liko kwako. Akirudi apate zimekufa, utamwambia ni yeye alisema?"

Okinyi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kumuuliza Sifuna habari za chawa wa waridi, na kusikiliza jibu. Mtaa mzima watu wa bustani walikuja kwa Sifuna wakikwama. Hilo ndilo lililomuuma. Usiku alilala akisikia matone juu ya bati la chumba chake, akiwaza mizizi ile huko nje, uchi, mvua ikiipiga.

Tarehe kumi na tano Aprili alinunua mikokoteni miwili ya samadi iliyotoka Dagoretti, mbichi, bado na joto. Akaifukia mizizi yote, akaongeza samadi juu yake, akashindilia kwa kisigino, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Okinyi alipiga makofi kutoka ukutani.

"Sasa hapo! Sasa wewe ni fundi."

Saa kumi na moja simu ikalia. Sifuna alikuwa ameamua kumwambia. Lakini Mama alikuwa analia. Hakuwahi kumsikia akilia, hata siku aliyovunja kitasa. Mtu wa mazoezi alikuwa amemkunja mguu vibaya, na Jackie hakuwa amerudi, na chai ilikuwa mbali naye hatua sita asizoweza kuzitembea.

"Niambie za huko," akasema. "Migongo iko nje?"

"Iko nje, Mama."

Na kwa wiki tano ungedhani Okinyi ndiye profesa. Majani yalipanda ya kijani kibichi, mapana kama panga. Sifuna akampa Mama habari nzuri na nyingi zilikuwa za kweli, isipokuwa ile moja ya migongo. Kisha, mwishoni mwa Mei, jani la nje la safu ya pili likageuka manjano. Alilivuta kidogo tu, likamfuata mkononi, na chini yake kikatoka kitu kama uji, kikinuka uvundo wa viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia. Akafukua cha pili. Akafukua cha tatu. Kufikia katikati ya Juni alikuwa amevitoa vyote na kuvitupa kwenye shimo la taka, akafunika, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mara mbili.

Okinyi alitazama. Kisha akasema, "Mvua ilizidi, bana," akashuka, na tangu siku hiyo hakuchungulia tena upande ule.

Saa kumi na moja simu ililia.

"Zinaendeleaje?"

"Vizuri, Mama."

Angesema nini? Kwamba rudi, ila hakuna cha kurudia? Jackie alikuwa ameshaleta mnunuzi, mtu wa kujenga fleti, na Mama alikuwa akimzungusha kwa habari za airisi. "Namwambia bustani yangu iko hai," alisema. "Nina mtu pale anayeniambia kila kitu."

Kwa hiyo Sifuna akaendelea. Alipalilia shamba tupu ili lisiote magugu. Saa kumi na moja aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya udongo mwekundu usio na kitu, akahesabu majani. Safu ya pili, ya nne kutoka ukutani, ina majani sita. Ile ya pembeni, iliyokuwa imelegea, imesimama. Mama alikumbuka kila alichoambiwa, basi na yeye ikabidi akumbuke. Kufikia Agosti alizijua airisi zisizokuwepo kuliko waridi zilizokuwepo. Baada ya simu alipika ugali wa mtu mmoja, akala akisikiliza sahani za watu wa fleti zikigongana, vijiko, watoto wakiitwa wakaoge. Alijua sauti ya kila familia na hakuijua sura hata moja.

Jumanne ya wiki ya tatu ya Septemba, Mama aliongea kwa sauti ndogo.

"Baba Nasimiyu, nimechoka kubishana. Karatasi ziko hapa. Ijumaa nitaweka sahihi."

Sifuna alitazama udongo.

"Mama," akasema, "kuna tumba."



"Tumba?"

"Moja. Safu ya kwanza. Nimeliona leo asubuhi."

Akasikia mkongojo ukigonga sakafu upande wa pili wa simu. "Jackie!" Mama alikuwa akiita. "Jackie, kuna tumba! Jumamosi unanipeleka nyumbani. Sitaki kusikia habari ya sahihi. Kuna tumba!"

Jumatano hakulala. Alhamisi alitembea kwa miguu kutoka Kileleshwa hadi barabara ya Ngong, akapita kwa kila muuza miche wa kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa na airisi ya zambarau. Karibu na Adams, mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maji vipakiti vyake vyeusi alimwonyesha airisi nyeupe, zile ngumu zinazopandwa kwenye mizunguko ya magari na mbele ya maofisi.

"Hii iko na tumba, baba. Kesho kutwa inafunguka. Unapelekea mama watoto?"

"Ndiyo," Sifuna akasema.

Kabla ya kuondoka alisimama na mche wake kwapani akitazama majengo yale. Fleti ya Jackie ilikuwa mojawapo. Ghorofa ya tatu aliihesabu, lakini madirisha yalikuwa mengi, na la Mama, kama alivyosema mwenyewe, lilitazama upande mwingine.

Jumamosi saa nne gari likaingia. Jackie alimshusha mama yake polepole, mguu mmoja kwanza. Mama Wahome alikuwa amekonda, magongo mawili, viatu vya kitambaa. Alikataa kiti. Alitembea juu ya nyasi, hatua kwa hatua, na ilimchukua muda mrefu kufika ukutani. Sifuna alitembea nyuma yake mikono ikiwa tayari, kama angeanguka, na hakuanguka.

Akasimama mbele ya shamba. Lilikuwa safi, limepaliliwa, tupu, na katikati ya safu ya kwanza umesimama mche mmoja wenye ua jeupe.

Aliligusa kwa ncha ya gongo.

"Hii ni ya barabarani," akasema.

Sifuna aliinama akashindilia udongo wa mche kwa vidole.

"Umeitoa wapi?"

"Adams."

"Umenunua?"

"Ndiyo."

"Nyingine ziko wapi?"

"Zilioza, Mama. Nilizifukia. Aprili. Na samadi."

Jackie alifungua mdomo, mama yake akainua kidole, naye akaufunga.

"Na majani sita, safu ya pili?"

"Hayakuwepo."

"Na ile ya pembeni, uliyosema imesimama?"

"Haikuwepo."

"Na siku ya mvua ya mawe, mwezi wa tatu? Ulisema ulitoka ukazifunika kwa masufuria yako, ukalowa."

"Hiyo ni kweli, Mama. Hiyo nilifanya. Masufuria yangu yote."

Mama Wahome alimgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari lilishaondoka jana.

"Nitajuaje?" akasema.

 Hakukuwa na mtu mwingine aliyeyaona masufuria yale. Hakukuwa na mtu mwingine kabisa.

"Mama, twende ndani ukae," Jackie akasema kwa upole. "Please. Utaumia."

"Niletee zile karatasi."

"Si lazima leo."

"Niletee, Jackie."

Aliweka sahihi palepale, karatasi zikiwa juu ya kiti cha plastiki, Sifuna akiwa amekishikilia kisicheze. Mwandiko wake ulikuwa bado wa mwalimu, umenyooka. Alipomaliza alimpa kalamu binti yake, akajipanga kwenye magongo.

"Asante, Sifuna," akasema, na ilimchukua muda mrefu tena kurudi kwenye gari.

Jackie alimlipa haki yake yote, akamwandikia barua nzuri yenye maneno "mwaminifu" na "mchapakazi". Novemba mashine ya manjano ilikuja. Sifuna alikuwa amehamia chumba cha kukodi Kawangware, akifanya vibarua vya siku kwa siku, leo kukata ua hapa, kesho kufyeka pale.

Hasara ilikuwa hivi. Airisi arobaini na moja, zote zilizotoka kwenye kipande kimoja, na mbegu ile haikubaki popote. Nyumba moja, iliyobomolewa siku mbili, na siku ya tatu lori zikabeba vigae. Kazi ya miaka kumi na tisa. Simu za saa kumi na moja zilikuwa zaidi ya mia mbili, na ukweli mtupu ulikuwa katika sitini na nne za kwanza. Tangu Jumamosi ile Mama Wahome hajapiga. Sifuna alipiga mara tatu. Ya kwanza ilipokewa na Jackie, akasema Mama amelala. Ya pili haikupokewa. Ya tatu aliikata mwenyewe kabla haijaanza kulia.